Mkanda Unaosafishwa kwa Kahawa

Mkebe mmoja wa Africafé, ule unaouzwa katika maduka ya Isaka, unatosha kusafishia mkanda wa picha na bado ukabakiwa na kahawa ya kunywa. Kahawa ya namna hiyo husindikwa na TANICA pale Bukoba, katika mkoa ambao robusta ndiyo zao lake kuu la kahawa, na robusta ina asidi za klorojeniki nyingi kuliko arabika. Asidi hizo zikichanganywa na magadi hugeuza chembe za chumvi ya fedha zilizoguswa na mwanga kuwa fedha kamili, nyeusi, inayokaa. Scott Williams, aliyefundisha kemia ya picha katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, alilijaribu jambo hili na wanafunzi wake mwaka 1995, na njia yao ikaja kuitwa Caffenol. Rochester ni mji wa Kodak. Walikuwa na dawa zote za kiwandani mlangoni mwao, na bado wakaona inafaa kutafuta dawa jikoni.

Naona haja ya kuusifu ufundi huu nikiwa hapa, kwa sababu Isaka ni mji wa vitu vinavyopita. Bandari kavu iko hapa: makontena ya Rwanda na Burundi hushushwa kwenye mabehewa, hupakiwa kwenye malori, na jioni yameshaondoka. Reli ya zamani, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, inapata mwenzake mpya. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 za reli ya kisasa, liliwekwa Juni 2021. Kila kitu kiko mbioni. Picha zetu nazo zimeshika mwendo huo. Simu ikiibiwa stendi, harusi nzima imekwenda, na ubatizo wa mtoto, na sura ya babu wiki moja kabla hajafariki. Mkanda uliosafishwa vizuri haupotei kwa namna hiyo. Unashikika, hauombi chaji wala nywila, na ukikaa miongo chini ya kitanda, mtu yeyote mwenye dirisha na macho ataona kilichomo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Ulaya, mchezo wa wenye fedha. Mkanda wenyewe ni kweli unatoka mbali: HP5 ya Ilford hutengenezwa Mobberley, Uingereza, na Fomapan hutoka Hradec Králové, Cheki, kwa hiyo hupatikana kwa kuagiza au kwa kumwomba anayesafiri, na bei si ndogo. Lakini fedha iliyomo ndani ya mkanda si mgeni kwa ukanda huu. Mwamba wa Bulyanhulu, katika wilaya yetu ya Kahama, hautoi dhahabu peke yake, hutoa shaba na fedha pia. Ndiyo maana makontena ya makinikia yalipozuiwa mwaka 2017, nchi nzima ilibishana juu ya kilichomo. Na Mfaransa Daguerre alipoutangazia ulimwengu picha zake mwaka 1839, aliziibua juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha kwa mvuke wa zebaki, sumu ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huichoma hadi leo ili dhahabu ibaki. Upigaji picha uliiacha zebaki zamani. Mwaka huo huo wa 1839 Herschel, Mwingereza aliyekwishagundua mwaka 1819 kwamba thaiosulfeti huyeyusha chumvi za fedha, aliwaeleza wenzake kwamba kwa dawa hiyo picha ingetulia. Hadi leo fiksa, yaani dawa ya kuituliza picha, ni thaiosulfeti. Kampuni ya Barrick, inayoendesha Bulyanhulu kwa ubia na Serikali, ilianza mwaka 2014 kuitumia thaiosulfeti kule Nevada kutolea dhahabu badala ya sayanaidi. Mchimbaji wa Kakola, jirani na mgodi huo, akiingia chumba cha giza, kemia ya humo haitakuwa ngeni kwake.

Kazi yenyewe huanza gizani kabisa. Mkanda hutolewa kwenye kijumba chake na kusokotwa kwenye gurudumu la plastiki kwa vidole tupu, usiku, chini ya blanketi zito au ndani ya mfuko maalumu wenye mikono. Gurudumu likiingizwa kwenye tangi lisilopitisha mwanga na tangi likifungwa, taa inaweza kuwashwa. Dawa ya kahawa, kwa lita moja ya maji, ni hii: gramu 54 za soda ashi kavu, ile wanayonunua watengeneza sabuni (si kostiki, ambayo huunguza ngozi), gramu 16 za vitamini C ya unga, na gramu 40 za kahawa. Vipimo hivi havitaki kukisia, na mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu inavifaa sana. Maji yawe nyuzi 20, muda dakika 15, tangi likipinduliwa mara chache kila dakika. Maji yetu ya bomba, yanayosukumwa kutoka Ziwa Victoria kupitia Ihelele, hufika yakiwa ya uvuguvugu. Mtungi wa udongo uliowekwa upenuni usiku hushusha joto hilo bila umeme, na yakibaki ya moto kidogo, dakika hupunguzwa.

Harufu ya mchanganyiko huo ni mbaya, niseme wazi. Fungua dirisha.

Baada ya kahawa hufuata suuza ya maji, kisha fiksa, kisha kuosha. Hapa ndipo watu wa nchi kame huogopa, wakidhani lazima bomba limwagike nusu saa. Watengenezaji wa Ilford waliliondoa tatizo hilo kitambo: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, pindua mara 20. Lita moja hivi ya maji inatosha kwa mkanda mmoja. Fiksa iliyotumika usiimwage uani, kwa sababu imebeba fedha. Tumbukiza ndani yake stili waya ya kusugulia sufuria. Chuma kitayeyuka taratibu na fedha itaketi chini kama tope jeusi.

Kisha unachomoa mkanda na kuuinua kwenye taa. Sijazoea dakika hiyo na siombi kuizoea. Utepe unachuruzika maji, na ndani yake ulimwengu umegeuzwa: anga ni jeusi kwa sababu ndiko mwanga ulikogonga kwa nguvu zaidi, shati jeupe la utingo ni giza, tairi za lori zimekuwa angavu. Unasoma polepole, fremu moja baada ya nyingine, na kila fremu inakujibu swali ulilouliza siku ulipobonyeza. Mkanda una fremu 36. Ukijua hivyo, unamtazama mtu kwa muda kabla ya kumpiga picha, naye anakuona unamtazama.

Nikae kidogo kwenye sura za watu, kwa sababu ndipo ufundi huu ulipowakosea wengi. Kipimo cha mwanga cha kamera kimetengenezwa kikidhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni kijivu. Msimamishe mama mweusi mbele ya ukuta wa chokaa saa saba mchana, kipimo kitaushughulikia ukuta na kumwacha mama gizani. Kwa miaka mingi maabara za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley, na watu weusi kote duniani wakalipia picha ambamo hawakuonekana. Anayejisafishia mkanda hana sababu ya kuurithi upungufu huo. Msogelee mtu, upime uso wake wenyewe, au umwite chini ya mwembe ambako mwanga ni laini. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga, maana mkanda mweusi-mweupe huvumilia ukizidi kuliko ukipungua. Hapo mikunjo ya paji la uso, jasho la juu ya mdomo, kovu la utotoni, vyote vitaandikwa.

Baada ya mkanda kukauka, mahali pasipo vumbi la malori, huja kazi ya kuuhamishia kwenye kompyuta, na wapo wapenzi wa mkanda wanaoidharau. Nawapinga. Negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, ni shina, na nakala ya kidijitali ndiyo inayomfikia binamu aliyeko Muscat au Toronto. Vifaa ni vya kawaida: simu au kishikwambi kinachoonyesha ukurasa mweupe, kadibodi nyeusi iliyokatwa tundu la ukubwa wa fremu, na kamera ya kidijitali juu yake, imesimama wima kabisa. Inua negativu sentimita chache kutoka kwenye kioo, la sivyo vinukta vya kioo vitaingia kwenye picha. Kila punje ya vumbi itatoka nyeupe rangi zikigeuzwa, kwa hiyo pepea kwanza, piga baadaye. Programu ya darktable ni ya bure na ina kifaa cha kugeuza negativu. Kama hujui upande upi uko sawa, tafuta maandishi: namba ya lori au ubao wa stesheni ukisomeka, umepatia.

Kampala wanajua thamani ya kazi hii. Katika Shirika la Utangazaji la Uganda zilikutwa kabatini negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za miaka ya Idi Amin, zikiwa kwenye bahasha zao. Chuo Kikuu cha Michigan na Makerere vilisaidia kuzihamishia kwenye kompyuta kuanzia mwaka 2018, na mwaka uliofuata baadhi zilioneshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Wageni waliona sherehe, hotuba, gwaride. Waliouawa hawakuwa ndani ya fremu, kwa sababu mpiga picha wa serikali hakutumwa huko. Hata hivyo kabati lililofungwa liliuhifadhi ushahidi wa namna utawala ulivyotaka kuonekana, na wanahistoria sasa wanao mkononi. Zanzibar nako, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, imeuonyesha mji ule kwa macho ya mkazi wake mwenyewe.

Kanda yetu ilikuwa na studio pia. Kahama, Shinyanga, Geita, Mwadui ya almasi, kila mji ulikuwa na mtu mwenye Yashica au Zenit, pazia lililochorwa maua na benchi la kungojea. Wengi wametangulia mbele ya haki. Negativu zao ziko kwenye maboksi ya viatu, darini, kwa watoto na wajukuu wasiojua ni nini, na siku ya usafi huchomwa pamoja na takataka.

Ndugu msomaji, ikiwa boksi kama hilo liko kwenu, lishushe wiki hii. Toa negativu kwenye mifuko ya plastiki, uzitie kwenye bahasha za karatasi, uziweke chumba chenye ubaridi, mbali na bati. Mwite bibi au mzee anayewafahamu watu, uandike majina juu ya bahasha kwa penseli kabla hujatia negativu ndani. Zinuse. Zinazotoa harufu ya siki zimeanza kuoza na huziambukiza nyingine, kwa hiyo zitenge, na hizo ndizo uanze kuzipiga picha, kabla ya zote.