Mizani ya Kazi na Sadaka katika Hadithi za Shaaban Robert

Kijana mmoja aliyekaribia kumaliza masomo yake alinijia mwaka uliopita na swali ambalo halimo katika mtihani wowote. Alikuwa ameitwa kazini mahali pawili: katika kampuni ya mjini yenye mshahara mnono, na katika shule ya kijijini ambayo kwa muda mrefu ilikosa mwalimu wa hisabati. "Mwalimu," aliuliza, "ipi kati ya kazi hizi ina wema zaidi?" Nilimjibu kwa Utubora. Nilimkumbusha mtu aliyeuacha mshahara akashika jembe, naye akaenda zake ameridhika. Mimi sikuridhika. Sikuwa nimemwuliza hata neno moja juu ya wadogo zake waliomtegemea kwa ada, wala juu ya watoto wa shule ile. Nilimpa pambo la jibu badala ya jibu. Makala haya yametokana na majuto hayo, na nia yake ni kuchunguza Shaaban Robert anatufundisha nini hasa juu ya kuchagua kazi na kutoa mali.

Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mtungaji wake kufariki. Mtu wake mkuu ana kazi ya mshahara mjini. Anaiacha kwa hiari na kurudi shamba. Katika nchi ambayo elimu ilikwisha kufanywa ngazi ya kulikimbia jembe, hadithi hiyo ilikuwa na ushujaa wake. Ilipochapishwa, Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na si ajabu kwamba sisi walimu tumezoea kuisomesha kama sifa ya ukulima na karipio kwa wapenda vyeo.

Hata hivyo, kitabu hiki kinaipima kazi zaidi kwa moyo wa mfanyakazi. Tunaambiwa mengi juu ya utulivu wa Utubora, uvumilivu wake na usafi wa nia yake. Ghala lake tunaliona kwa mbali tu. Msomaji akitaka kujua ni njaa ya nani iliyopungua kwa sababu Utubora alihama mjini, atalazimika kulikisia jibu mwenyewe. Simlaumu mtungaji kwa kutoandika hesabu za mavuno, kwa maana hadithi si daftari la mizigo. Nasema tu kwamba uzuri wa nafsi ya mtendaji ni jambo moja, na faida ya mtendewa ni jambo jingine. Aghalabu huenda pamoja, lakini hazikufungwa kamba. Mwalimu anayemtuma kijana kijijini kwa ushahidi wa Utubora peke yake amempa nusu ya mizani.

Nusu ya pili imo katika kazi za Shaaban Robert mwenyewe, ila tumezoea kuitafuta mahali pasipo pake. Tuanze na utoaji, na tukitazame kitabu cha mwaka 1952, Adili na Nduguze. Baba anapofariki, urithi unagawanywa kwa ndugu watatu. Hasidi na Mwivu wanapoteza mafungu yao. Adili anawagawia mali yake bila masimango. Wasomaji humsifu kwa ukarimu huo, na wanayo haki. Lakini tazama matokeo. Mali ile haikuwatengeneza ndugu wale. Kila walichopokea kiliongezeka juu ya husuda yao, hata wakafika kumtosa baharini ndugu yao mwenyewe. Adili alitoa kwa kuwa alipenda, na alipenda kwa kuwa walikuwa damu yake. Hakuuliza kama kitu kilichowapungukia kilikuwa mali.

Katika hadithi hiyohiyo kuna kitendo kingine ambacho hupitwa haraka darasani. Adili anakutana na kiumbe dhaifu kinachofukuzwa na adui mwenye nguvu, anaingilia kati, na kiumbe kile kinaokoka. Hakukijua. Hakikuwa cha ukoo wake, wala hakikumwahidi kitu. Gharama yake ilikuwa kitendo cha muda mfupi, na faida yake ilikuwa uhai mzima. Kiumbe hicho ndicho Huria, jini aliyekuja baadaye kumwokoa Adili asife maji na kuwageuza ndugu zake manyani. Tukiyaacha malipo hayo, ambayo ni desturi ya ngano, tunabaki na ulinganifu wa ajabu: mali nyingi iliyotolewa kwa walio karibu ilizaa balaa, na msaada mdogo uliotolewa kwa mgeni aliyekuwa ukingoni mwa mauti ulizaa uhai. Sidai kwamba mtungaji alikusudia kutufunza hesabu. Nadai kwamba hadithi yake inaijua hesabu hiyo kuliko tunavyoijua sisi tunaoifasiri.

Sasa tuje kwenye kazi. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Utetezi wake ni hadithi ya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa ya kuinufaisha nchi, wakatupwa kifungoni. Msomaji huvutwa na mateso ya wajumbe hao, akasahau kujiuliza kwa nini Karama alichagua sheria na si kazi nyingine. Angeweza kuwa mjumbe wa saba. Angepata sifa ya uhodari, angeleta maarifa mapya, naye angefungwa kama wenzake. Aliona kwamba Kusadikika haikupungukiwa na wajumbe, bali na kitu ambacho bila hicho kila mjumbe angepotea bure. Alishika kazi ambayo hapakuwa na mwingine wa kuishika, mahali ambapo ukosefu wake ndio uliokuwa mzizi wa hasara zote. Hukumu inapotoka, anayefunguliwa si yeye peke yake. Wajumbe wote sita wanatoka kifungoni, na nchi inapata njia ya kutumia walicholeta.

Hiyo ndiyo tofauti ya Utubora na Karama. Wote wawili wana nia safi, na wote wawili wanakataa njia rahisi. Lakini Utubora anauliza: kazi gani inanistahili? Karama anauliza: nini hakipo hapa, na nisipokifanya mimi nani atakifanya? Swali la kwanza si baya, maana mtu aliyeshika kazi asiyoiweza humdhuru kila amtumikiaye. Lakini ni swali la mlangoni. La Karama ndilo la ndani ya nyumba.

Kipimo hichohicho kimo katika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alitoka Fumba, Unguja, akiwa mfinyanzi na muuza vyungu. Ufinyanzi ni kazi ya heshima, na bila chungu hapana chakula. Lakini alipokwenda mjini kiasi cha mwaka 1911 na kuitoa sauti yake, wafinyanzi wengine waliendelea kufinyanga. Na mwaka 1928 alipokwenda Bombay kutia nyimbo zake katika santuri, alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani yetu aliyelitangulia. Angebaki na udongo wake, soko lisingeona pengo. Alipoiacha sauti yake itumike, lugha yenyewe ilipata faida.

Ushahidi mkubwa zaidi ni maisha ya mtungaji. Mtu aliyemsifu mkulima kwa kuiacha kazi ya mshahara hakuiacha yake. Aliingia forodhani mwaka 1926, akapita katika idara ya wanyama, katika ofisi ya serikali Tanga, na katika upimaji wa ardhi. Alikuwa karani kwa zaidi ya miaka thelathini. Yuko atakayesema kwamba hapo maneno na matendo yamepingana. Mimi naona vingine. Makarani walikuwa wengi, na wakulima walikuwa wengi zaidi. Aliyeweza kuandika Kusadikika alikuwa mmoja, na vitabu hivyo vilitungwa pembeni mwa kazi iliyomlisha. Kama angemfuata Utubora wake, yamkini tungepata shamba moja zaidi na maktaba moja pungufu.

Swali hili halikuzaliwa kwetu peke yetu. Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alitoa mfano wa mtoto anayezama katika kidimbwi: apitaye akiweza kumwokoa kwa kulowesha nguo tu, hana udhuru, na umbali wa mtoto, alisema, haupunguzi wajibu. Hoja hiyo ni jirani ya kisa cha Adili na Huria. Baadaye, huko Oxford na kwingineko, walitokea waliofundisha kwamba yafaa hata kuchagua kazi ya mali nyingi ili kutoa nyingi. Fundisho hilo lina nguvu yake, kwani fedha ya mmoja huweza kununua vyandarua vya wengi. Lakini lina hatari ambayo Shaaban Robert asingeshindwa kuiona. Mwaka 2024 Sam Bankman-Fried, tajiri aliyejinadi kuwa anachuma ili atoe, alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai wa mali za watu. Hesabu bila uadilifu ni kisu kisicho na mpini. Ndiyo maana simtupi Utubora: usafi wa nia alioutetea ndio mpini. Ila mpini peke yake haukati.

Nakisia pingamizi la baadhi ya wenzangu, kwamba nayageuza maandishi ya adabu kuwa ratili ya dukani. Najibu kwamba Shaaban Robert hakuandika ili tuvutiwe na wema tu. Watu wake wanahukumiwa kwa matunda: Majivuno ana maneno mazuri, na Hasidi ana machozi mengi, lakini hadithi haiwapi ushindi. Mhakiki anayeyahesabu matunda hayo anamtii mtungaji.

Kijana yule nilimwandikia tena. Sikumwambia aende wapi. Nilimwomba ajiulize mambo matatu: kwamba asipokwenda shuleni, je, atapatikana mwingine, kwamba akichukua mshahara wa mjini, je, ana hakika ya kiasi atakachotoa na ya mtu atakayemfikia, na kwamba kati ya kazi hizo, ipi anaweza kuifanya vizuri kwa miaka mingi bila kuharibika nafsi. Alijibu kwamba kampuni ile ilikuwa na waombaji mamia, na shule ile ilikuwa naye peke yake. Alikwenda kijijini, na sehemu ya mshahara wake huipeleka kwa wadogo zake kwa ada. Safari hii hakumtaja Utubora katika barua yake. Alimtaja Karama.