Majini Wanaosema Kiswahili: Kurudia Resident Evil 5 kwa Laptop na Hedifoni

Kuna gemu moja kubwa la kutisha ambalo maadui wake wanapiga kelele kwa Kiswahili. Si lugha ya kubuni wala miguno ya mazombi. Ni Kiswahili hiki hiki unachoagizia chapati asubuhi. Gemu hilo ni Resident Evil 5 la kampuni ya Capcom ya Japani. Lilitoka Machi 2009 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, na Septemba mwaka huo huo likatoka la kompyuta.

Kama ulikulia Majengo hapa Moshi, au mtaa wowote uliokuwa na kibanda cha gemu, huenda ulilicheza, au ulisimama nyuma ya aliyekuwa analicheza ukisubiri zamu yako ya mpira. Na kuna uwezekano mkubwa kwamba hukushika neno hata moja kati ya yale maadui waliyosema. Ndiyo maana nakuomba ulirudie leo, kwenye laptop, umevaa hedifoni. Utakuta gemu tofauti. Kama gemu la kupiga risasi limezeeka. Kama gemu la kusikiliza linatisha kuliko lilivyotisha 2009, na linatutisha sisi kwa namna ambayo sidhani kama waliolitengeneza waliipanga.

Hadithi kwa kifupi, kwa asiyeijua. Unakuwa Chris Redfield, Mmarekani anayefika Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi, kuzuia biashara ya silaha za kibaiolojia. Mwenzako ni Sheva Alomar. Wakazi wa Kijuju wameambukizwa kimelea kinachoingizwa mdomoni, na kimelea hicho kinawaondolea hiari yao. Gemu linawaita Majini. Hawa si wale mazombi wa Resident Evil ya kwanza ya 1996, waliokuwa wanajikokota na kuguna. Majini wanakimbia, wanashika silaha, wanaendesha pikipiki, wanaitana. Karibu kila kitu cha kibinadamu kimewatoka isipokuwa lugha. Na lugha yenyewe ndiyo hii yetu.

Kompyuta inabadilisha nini

Tuanze na habari njema: linawaka. Toleo la kompyuta la 2009 lilifungamanishwa na Games for Windows Live, huduma ya Microsoft ambayo baadaye iliachwa. Hivyo ndivyo magemu mengi ya miaka ile yanavyokufa. Programu yenyewe haiozi, maana namba hazishiki kutu. Inayokufa ni huduma ya pembeni, halafu gemu linabaki kama nyumba nzima iliyopoteza ufunguo. Mwaka 2015 Capcom ililihamishia gemu hili kwenye mfumo wa Steam wenyewe, na ndiyo sababu leo halihitaji uganga wowote. Hata laptop ya mtumba ya miaka ya karibuni, isiyo na kadi ya picha ya pekee, inaweza kulimudu ukipunguza ubora wa vivuli. Maumivu yaliyobaki ni ya bando wakati wa kulipakua.

Sasa tazama kinachotokea mkononi. PlayStation 3 ililenga kuchora picha 30 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa milisekunde 33 hivi. Kompyuta ikifikisha 60, kila picha inakaa kama milisekunde 17. Mkono wako unajibiwa mapema zaidi. Ongeza na mausi, ambayo inalenga shabaha haraka kuliko pedi.

Hiyo si nyongeza ndogo, kwa sababu Resident Evil 5 haikuruhusu kutembea huku unalenga. Ukinyanyua bunduki, miguu inaganda. Mwaka 2009 kuganda huko kulikuwa injini ya hofu: mtu anakuja, umesimama kama mlingoti, na kile kialama cha shabaha kinasota kwa uvivu. Leo, kwa mausi, umeshampata kichwani kabla hajafika. Ukichanganya na risasi zisizo haba, mwenzako pembeni na jua kali la mchana, unaelewa kwa nini watu wengi wanasema gemu hili si la kutisha tena. Kwa upande wa macho na mikono, wana haki. Ila ukiishia hapo utakuwa umekosea njia, kwa sababu hofu iliyobaki inapita masikioni.

Kwa nini kibandani hukusikia

Kwanza ni fedha. Kibandani unalipia mechi au dakika. Mpira unaendana na malipo hayo: mechi ikiisha, unampisha mwenzio. Gemu lenye hadithi ya saa nyingi linachezwa vipande vipande, na vipande hivyo vinachezwa kwa haraka, bila kusikiliza.

Pili ni fizikia. Nguvu kubwa ya sauti ya binadamu akiongea iko kwenye irabu, ambazo ziko kwenye masafa ya chini. Konsonanti kama p, t, k, s na sh ni fupi, hafifu, na nyingi zinategemea masafa ya juu. Kispika cha TV ya chogo, watu kumi wakibishana kuhusu penalti, pikipiki inapita nje: kelele hizo zinafunika konsonanti kwanza, na irabu zinabaki. Sasa chukua maneno piga, pika, pima na pita. Irabu zake ni zile zile, i na a. Kinachotenganisha kipigo na chakula ni konsonanti moja ya katikati. Ikifunikwa, unabaki na mtu anayebweka tu. Kwa hiyo pale kibandani hata sisi tulilisikia gemu hili karibu kama anavyolisikia mchezaji wa Osaka au Chicago, yaani kelele za watu wenye hasira.

Hedifoni zinarudisha konsonanti. Na neno likishasikika vizuri, huna uwezo wa kukataa kulielewa. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Neville Moray aliwapa watu sauti tofauti katika kila sikio na kuwataka wafuatilie upande mmoja tu. Jina la mtu lilipotajwa upande aliouacha, kama theluthi moja ya watu walilinasa. Ubongo haukuwa umefunga lango. Lugha uliyokulia nayo inaingia bila kubisha hodi.

Kelele ni kitu kimoja, neno ni kingine

Sauti ya Majini ina tabaka mbili, na ni vizuri tuzitenganishe.

Tabaka la kwanza ni ukwaruzo. Mwaka 2015 Luc Arnal, David Poeppel na wenzao walionyesha kwamba mayowe ya binadamu yana mtetemo wa nguvu ya sauti unaopanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Mazungumzo ya kawaida yanapanda na kushuka polepole zaidi, kama mara nne au tano kwa sekunde, mwendo wa silabi. Ule ukwaruzo wa kasi unaiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Hapo hakuna haja ya kujua lugha. King'ora kinatumia ujanja huo huo, na Majini pia.

Tabaka la pili ni maana. Hili linachagua watu. Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake walipima watu waliokulia Kituruki kisha wakajifunza Kiingereza. Walipima uwezo wa ngozi ya vidole kupitisha umeme, ambao unaongezeka pale jasho jembamba linapotoka kwa mshtuko. Matusi na makaripio ya utotoni yalitikisa ngozi zaidi yaliposemwa kwa lugha ya kwanza kuliko ya pili. Yaani mtu anaweza kulielewa karipio sawasawa kwa lugha zote mbili, lakini mwili wake unalijibu zaidi lile la lugha ya mama.

Ukiunganisha tabaka hizo unapata jambo la ajabu. Mchezaji asiyejua Kiswahili anapewa tabaka moja, na kutoelewa kwake ni sehemu ya kitisho: hajui wanasema nini, kwa hiyo anawazia mabaya. Sisi tunapewa zote mbili. Fumbo linatuondoka, na mwanzoni unaweza hata kucheka. Halafu kicheko kinakauka, kwa sababu kinachokufukuza sasa kinaongea kama mtu unayemjua.

Wananchi wenye hasira kali

Nenda kwenye eneo la uwanja wa mkutano, sura ya kwanza. Umejificha ndani ya nyumba, unachungulia. Nje kuna umati. Mbele yao, jukwaani, kuna mtu mwenye kipaza sauti anawahutubia. Mtu mmoja aliyekamatwa anauawa kwa shoka mbele ya wote. Kisha mhutubiaji anakuona, anakuonyesha kidole, na umati wote unageuka.

Wachambuzi wengi wamelisifu eneo hili kwa ufundi: nafasi ndogo, milango ya kuziba, muda wa kuvumilia mpaka msaada ufike. Sawa kabisa. Lakini lisikilize ukiwa mtu wa hapa. Kipaza sauti kwako si kitu kigeni. Majengo kinatangaza bei ya nguo, mkutano wa injili, mtoto aliyepotea. Na umati unaogeuka pamoja baada ya kidole kimoja kunyooshwa, huo nao una jina kwetu. Magazeti yetu yana maneno yake maalumu, "wananchi wenye hasira kali", na ripoti za haki za binadamu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiandika vifo vya aina hiyo mwaka baada ya mwaka. Mtu anaitwa mwizi, au mchawi, na dakika chache baadaye hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo mchezaji wa mbali anaona majini. Sisi tunasikia mtaa. Kimelea cha hadithi kinakuwa kisingizio tu, kwa sababu tunajua umati hauhitaji kimelea ili uache kufikiri. Hapo ndipo ninapoona thamani ya kulirudia gemu hili: limegusa hofu yetu halisi kabisa, na limeigusa kwa bahati, likiwa linatafuta kitu kingine.

Lilitengenezwa kwa masikio ya nani

Nasema kwa bahati kwa sababu ushahidi wa uzembe upo wazi. Kwanza, jina. "Majini" ni wingi. Mmoja ni jini. Gemu linamwita hata mmoja Majini, na linatuambia maana yake ni pepo mbaya, wakati mtu wa Pwani atakwambia majini wako wema na wabaya, na mwingine atakuuliza kama unamaanisha ndani ya maji. Pili, jiografia. Kijuju imewekwa Afrika Magharibi. Kutoka Moshi hadi Lagos ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka, na huko si uswahilini. Tatu, orodha ya lugha. Fungua mipangilio utafute Kiswahili. Hakipo. Lugha iliyopewa maadui haikupewa mchezaji. Hata Sheva, Mwafrika, anaongea nawe Kiingereza.

Mtindo huu haukuanza hapo. Resident Evil 4 ya 2005 iliwaita wanakijiji wa Hispania Ganado, maana yake mifugo, na ikawapa Kihispania chenye lafudhi ya Amerika ya Kilatini. Kanuni ni ile ile: lugha ya adui ni rangi ya ukutani, muradi isieleweke na mnunuzi.

Picha za Resident Evil 5 zilizotolewa 2007 zilizua mjadala mkali wa rangi. N'Gai Croal, aliyekuwa mwandishi wa Newsweek, alikuwa miongoni mwa waliouliza mapema inamaanisha nini kumwonyesha mzungu akipiga risasi umati wa Waafrika. Swali hilo bado lina uzito, hasa ukifika kwenye kijiji cha Wandipaya wenye vinyago na mikuki. Ila lilikuwa swali la macho. La masikio ni hili: ukichukua lugha ya mamilioni ya watu ukaitumia kama mlio, umewaambia nini wale wanaoielewa? Jibu langu ni kwamba umewaambia hukuwategemea sebuleni. Na bado tumo sebuleni, na laptop.

Jaribio la kufanya mwenyewe

Tusimalize kwa maneno matupu. Matokeo ya Harris yanatupa utabiri unaopimika hapa hapa Kilimanjaro. Tafuta watu watatu: mmoja aliyekulia Majengo na kukaripiwa kwa Kiswahili; mmoja aliyelelewa na bibi yake Kibosho au Marangu, aliyekaripiwa kwa Kichaga na akakutana na Kiswahili zaidi shuleni; na mgeni asiyejua Kiswahili, ambaye mji wa wapanda mlima haukosi. Wote wasiwe wamewahi kulicheza. Waache wakae kimya dakika tano, hesabu mapigo ya moyo mkononi kwa sekunde 60, wape hedifoni wacheze uwanja wa mkutano, kisha hesabu tena. Siku nyingine rudia na watatu wapya, sauti ikiwa imezimwa.

Kama neno lina nguvu yake nje ya ukwaruzo, pengo kati ya sauti na ukimya litakuwa kubwa zaidi kwa mtu wa Majengo, dogo kwa mgeni, na yule wa mlimani atakuwa katikati. Watu sita hawathibitishi kitu. Mmoja akiwa amekunywa kahawa hesabu yote inayumba. Lakini wanatosha kukuonyesha kama swali linafaa kuulizwa kwa watu sitini. Na kama utabiri wangu utaanguka, basi hofu yote ilikuwa kwenye ukwaruzo, na Capcom walikuwa sahihi kuamini kwamba lugha yoyote ingetosha.