Kalamu Kwanza, Koleo Baadaye

Mwalimu mmoja wa kemia hagusi metali kabla hajaandika. Mezani kuna bika mbili za mmumunyo wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, wenye rangi ya buluu, na moja ya salfeti ya zinki isiyo na rangi. Pembeni liko jedwali la volti. Linaonyesha ayoni ya kila metali ina mvuto gani wa kupokea elektroni, haidrojeni ikiwa imepewa sifuri: shaba +0.34, zinki −0.76, alumini −1.66.

Anaanza na zinki kwenye mrututu. Anachukua namba ya ayoni inayopokea na kutoa namba ya metali inayoachia: 0.34 kutoa −0.76 ni +1.10. Jibu ni chanya, anaandika "itamenyuka". Ndipo anapokisugua kipande cha zinki kwa msasa mpaka king'ae, anakisuuza, anakishika kwa koleo na kukizamisha nusu. Mara moja sehemu iliyozama inakuwa nyeusi, kisha inavaa unga wa shaba wa rangi ya hudhurungi. Buluu nayo inapauka taratibu.

Zamu ya shaba kwenye salfeti ya zinki. Hesabu inatoa −1.10, anaandika "haitamenyuka". Hata hivyo anaisugua kwa bidii ileile na kuisubiri kwa muda uleule, maana metali chafu isipomenyuka haijathibitisha lolote. Inatoka ikiwa nyekundu vilevile.

Alumini ndiyo inayompima. Hesabu ni +2.00, kubwa kuliko ya zinki, lakini kwenye mrututu imetulia tuli. Mwalimu hafuti alichoandika. Anajua alumini huvaa utando mwembamba wa oksidi mara tu igusapo hewa, hata ikiwa imetoka kusuguliwa sasa hivi. Anatia chumvi ya mezani kidogo, anakoroga, anangoja. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo inatoboa utando: vipovu vinapanda, madoa mekundu ya shaba yanachomoza, bika inapata joto.

Daftari lake lina safu tatu: utabiri, kilichoonekana, na muda. Safu ya tatu ameiongeza mwenyewe, kwa sababu volti husema mmenyuko unawezekana au hauwezekani, lakini hazisemi utachukua muda gani. Hilo hujulikana kwa kukaa na bika na kuitazama.