Padre Mbunga, Ngoma na Sheria

Wako watu waliosoma sheria wakatoka na adhabu mkononi. Padre Stephen Mbunga alisoma sheria za Kanisa akatoka na ngoma. Kitabu chake, Church Law and Bantu Music, yaani sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, kilichapishwa Uswisi mwaka 1963. Ni kitabu cha kitaalamu, na asiyezoea maandishi ya wanasheria huenda akapiga miayo kabla ya kufika mbali. Hata hivyo mimi nakihesabu miongoni mwa maandishi yenye ujasiri ambayo Mtanganyika amepata kuandika juu ya sanaa.

Ujasiri wenyewe u wapi? Msomaji akumbuke kwamba tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa maagizo juu ya muziki wa kanisani. Katika ibara ya 19 alikataza piano, na pamoja nayo ngoma, matoazi na ala nyingine za kelele. Aliyekuwa akiwakemea ni watu wa Ulaya, hasa Italia, ambako muziki wa majukwaa ya maigizo ulikuwa umekwisha kupenya hadi kanisani. Lakini katazo likisomwa huku kusini, ngoma inayotajwa huwa ndiyo hii hii ya jando na ya mavuno. Mtu angeweza kulalamika kwamba tumeonewa, na malalamiko hayo yangekuwa ya haki. Padre Mbunga alishika njia nyingine. Alizichukua hati zenyewe za Kanisa, akazipima na muziki wa Kibantu, kama wakili asomavyo mkataba kabla mteja wake hajatia sahihi. Hoja ya namna hiyo ni ngumu kuipuuza, kwa kuwa anayetaka kuikataa hana budi kuzikataa hati zake mwenyewe.

Mwaka ule ule, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake juu ya liturujia. Ibara ya 119 inasema kwamba katika nchi za misioni watu wana mapokeo yao ya muziki, na kwamba yapewe heshima na nafasi inayostahili. (Ibara inayofuata inakisifu kinanda cha mabomba! Wazee wa Roma hawakutaka kumwudhi mtu.) Mwezi huo huo Nachingwea yetu ikafanywa makao ya jimbo, jina la Jimbo la Nachingwea likadumu hadi 1986 lilipobadilishwa kuwa Lindi. Hivyo kanisa kuu lilianzishwa kwetu wakati uleule mlango ulipofunguliwa, na Mbunga alikuwa amebisha hodi kabla haujafunguliwa.

Naye hakuwa mtu wa hoja tu. Alitunga pia, na Misa Baba Yetu ndiyo kazi inayotajwa zaidi pamoja na jina lake. Wasomaji wengi wa ng'ambo wanaijua zaidi Missa Luba ya Kongo, iliyokusanywa na Padre Guido Haazen, Mbelgiji, pale Kamina, ikaimbwa na watoto wa shule pamoja na walimu wao, ikazungushwa Ulaya mwaka 1958. Ni kazi nzuri, na mimi kama mwalimu naipenda zaidi nikikumbuka ni akina nani walioimba. Lakini maneno yake ni ya Kilatini. Sauti ni za Waluba, ulimi ni wa Roma.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaomsifu Mbunga kwa sababu ameingiza ngoma kanisani. Ngoma ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Muziki wa Kibantu huanza katika neno. Kiyao na Kimakonde hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno, na tuni ikipuuza mwendo huo, neno hugeuka sura. Kiswahili hakina jambo hilo, lakini kina mkazo, nao hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Nilipokuwa nikifundisha, nilitumia mfano mmoja: ukikaza ba ya pili katika “barabara” umetaja njia ipitayo magari, ukikaza ra ya kwanza umesema “sawasawa”. Mtunzi anayelibandika neno hilo juu ya tuni ya Kijerumani bila kusikiliza anaweza kuwapeleka waumini mbinguni kwa njia isiyokuwepo. Sol-fa tuliyofundishwa chuo cha ualimu ni chombo kizuri cha kushika sauti, ila haimwambii mwanafunzi neno lina uzito wapi.

Lawama yangu kwa Padre Mbunga, kama nina haki ya kumlaumu, ni lugha ya kitabu chake. Alikiandika kwa Kiingereza, kikachapwa mbali, na mwalimu wa kwaya wa Ruangwa au Nachingwea, ambaye ndiye aliyekihitaji kuliko askofu yeyote, hakuweza kukisoma. Kwa hiyo ruhusa ilitufikia, hoja ikabaki njiani. Tukapata ngoma, tukaendelea kukata maneno vipande. Siku hizi hata ngoma yenyewe inatoka ndani ya kinanda cha umeme, na mapigo ni yale yale kwa Pasaka na kwa mazishi.

Nilikwenda kusikiliza kwaya moja Ruangwa, msimu wa ufuta. Wimbo wa kwanza sikuelewa hata ubeti mmoja kwa kelele za spika. Katikati ya wa pili umeme ukakatika. Akina mama hawakunyamaza; mmoja wao akaanzisha wimbo wa mavuno, wengine wakaitikia kwa makofi, na kila neno likanifikia nilipokaa, benchi la nyuma kabisa. Umeme uliporudi, kijana wa kinanda akawasha mashine yake.