Bismillahi Isiyofungua Jambo

Kwa neno moja tu, Bismillahi, wapo waudaio wimbo Bohemian Rhapsody wa kundi la Queen, uliotolewa mwaka 1975, kuwa ni wa pwani. Maana mtungaji wake, Freddie Mercury, Mparsi, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Dai hilo ni jepesi. Huko Mikindani na Msimbati neno hilo hutangulia: mvuvi hulitamka kabla ya kung'oa nanga, mpishi kabla ya kupakua. Mercury amelitia katikati ya ugomvi, vinywani mwa wanaokataa kumwachilia mtu aombaye aende zake. Basi aliaye rehema hujibiwa kwa jina la Mwenye rehema, naye haipati. Hapo ametunga kweli. Majina yanayolizunguka (Galileo, Figaro) ni mapambo tu.