Kutoka Namagondo hadi Nagona: Kezilahabi alivyoiondoa ramani

Ukitaka kujua riwaya za Euphrase Kezilahabi zimejengwaje, fuatilia majina ya mahali. Katika Rosa Mistika, kitabu chake cha kwanza kilichotoka mwaka 1971, kila jambo lina pahala pake. Nyumba ya Zakaria, baba yake Rosa, iko Namagondo, kisiwani Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Rosa anakwenda kusoma Mwanza, kisha Morogoro anakosomea ualimu. Sasa fungua Nagona ya mwaka 1990. Hutaona wilaya, hutaona ziwa, hutaona jina la kijiji unachokijua. Yuko msimuliaji asiyetajwa jina, anatangatanga katika mji ulio kimya ambamo watu wanasoma na hawasemi.

Hapa Nakapanya, mkoani Ruvuma, kwenye barabara ya Tunduru kwenda Masasi, nimewaona wasomaji wazuri kabisa wakiimaliza Rosa Mistika bila kupumua, halafu wanaiweka chini Nagona baada ya kurasa chache tu. Wanauliza kama ni mtu yuleyule. Swali lao ni la haki, na si vizuri kuwajibu kwamba kitabu hicho ni cha maprofesa. Jibu limo ndani ya vitabu vyenyewe, maana Kezilahabi hakuruka ghafla. Alikuwa akiondoa kitu kimoja kila alipoandika, na mpangilio wa kuondoa kwake ndio unaostahili kuchunguzwa.

Lazima tuanze na Shaaban Robert, kwa sababu Kezilahabi mhakiki alianza naye: tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Shaaban aliandika juu ya nchi za kubuni. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na ndani yake wahusika wanabeba tabia zao katika majina, kama Karama anayesimama mahakamani kujitetea. Nchi ya kubuni ilimpa Shaaban nafasi ya kusema mambo mazito chini ya ukoloni, tena ilifanya funzo lionekane bila vumbi la maisha ya kila siku. Msomaji anajua tangu mapema nani mwema na nani mbaya.

Hatua ya kwanza ya Kezilahabi ilikuwa kuishusha riwaya kutoka angani. Hakuwa Mkerewe pekee aliyeandika kwa kukikanyaga kisiwa chao. Aniceti Kitereza alikuwa amekwisha kuandika kwa Kikerewe, katika miaka ya 1940, hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, ingawa tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980. Kitereza anakusanya: namna ya kupika pombe, namna ya kuposa, namna ya kutibu. Kezilahabi hakusanyi. Ukerewe yake ni ya ulevi wa baba, barua iliyofichwa na binti anayesubiri kipigo.

Tuitazame barua hiyo kwa karibu. Rosa ameandikiwa na mvulana, Charles. Zakaria anagundua, anampiga binti yake kwa ukatili. Tukio hili liko mwanzoni kabisa, na ufundi wake uko katika pahala lilipowekwa. Mwandishi angeweza kumwonyesha kwanza Rosa aliyeharibikiwa, kisha arudi nyuma kutafuta chanzo. Badala yake anatuonyesha sababu kabla ya matokeo, na sababu yenyewe ni mzazi anayedhani analinda heshima. Kutoka nyumbani Rosa anaingia shule ya watawa, yaani anatoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Hajawahi kufundishwa kuchagua. Anapoachiwa, kila mwanamume anayemfuata anakuta mlango usio na komeo. Charles anarudi mwishoni, anataka mke bikira, anamkataa, na Rosa anajiua. Aliyeandika barua ya kwanza ndiye anayefunga hesabu. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa madai ya kuharibu maadili, na mpaka leo naona uchungu kwa hilo, kwa sababu ni nadra kukuta riwaya ya Kiswahili inayomlinda binti kwa kiasi hiki, na ilinyimwa wasichana waliokuwa wakiihitaji.

Angalia kilichoondolewa hapa. Nchi ya kubuni imekwisha, wahusika wasio na doa wamekwisha. Kilichobaki ni sauti ya msimuliaji anayejua yote, na bado anaingia hapa na pale kutuelekeza. Kichwamaji, mwaka 1974, inaiondoa sauti hiyo. Anayesema sasa ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi Ukerewe, naye anasema “mimi”. Manase, mkuu wa wilaya na mtu aliyekua naye, alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na msichana huyo akafa. Kazimoto anapanga kulipa kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumuoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama alivyozaliwa mtoto wa Manase. Kazimoto anajipiga risasi.

Hadithi hii ingeweza kusimuliwa kwa sauti ya Rosa Mistika, na ingekuwa hadithi ya kisasi tu. Ikiwa kinywani mwa Kazimoto inakuwa kitu kingine, kwa sababu hatuna mtu wa kumsahihisha. Anapokata tamaa juu ya Mungu, ya wazazi, ya elimu yake, hakuna msimuliaji wa pembeni wa kutuambia kwamba kijana amepotea. Msomaji anabaki naye chumbani. Wahakiki wengi wametaja udhanaishi wa Ulaya wanapokizungumzia kitabu hiki, nao hawajakosea, lakini nguvu yake naiona zaidi katika uamuzi huu wa kisarufi, wa kuacha “yeye” na kushika “mimi”. Mwaka huohuo alitoa diwani ya Kichomi, akitetea mashairi yasiyofungwa na vina na mizani. Ugomvi uliofuata kati yake na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, unajulikana. Kinachonihusu ni kwamba mtu mmoja, katika mwaka mmoja, alimwondoa mhubiri kwenye riwaya na kuondoa vina kwenye shairi.

Dunia Uwanja wa Fujo, mwaka 1975, naipita haraka. Tumaini anaponda maisha, kisha anakuwa mkulima tajiri, Ujamaa unamfikia, anamuua kiongozi wa serikali na kunyongwa. Wengi hukumbuka Iringa, alikouawa Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Kleruu siku ya Krismasi ya mwaka 1971. Mwisho wa riwaya hii una nguvu, ila safari ya kuufikia ina matukio mengi yasiyosukumana.

Gamba la Nyoka, mwaka 1979, inatugusa zaidi sisi wa Ruvuma. Inahusu watu wanaotakiwa kuhama kwenda kijiji cha ujamaa na wanaokataa. Mkoa huu uliijua habari hiyo mapema. Litowa, Songea, wakulima vijana walianza kuishi na kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha la 1967, kwa hiari yao na kwa mikutano yao. Umoja wa vijiji vyao, RDA, ulivunjwa na TANU mwaka 1969. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, na sasa watu wakahamishwa kwa amri. Kezilahabi haandiki juu ya Litowa, lakini anaandika juu ya pengo hilo kati ya hiari na amri, na analiandika kwa njia mpya kwake: shujaa mmoja anaondoka. Vijana wasomi, wazee, viongozi na kijiji kizima wanagawana jukwaa, na kejeli inamgusa kila mmoja. Hakuna “mimi” wa kumshikilia, na “yeye” wa kumwamini pia hayupo.

Hesabu basi. Kabla ya kwenda Marekani alikuwa amekwisha kuondoa nchi ya kubuni, mhubiri na shujaa. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo anapinga mazoea ya kuitazama kazi ya sanaa kama picha ya kitu kilicho nje yake. Ukikubali hoja hiyo, Namagondo haiwezi tena kukaa ndani ya riwaya kama zamani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutuonyesha Namagondo ya nje. Nagona ndiyo riwaya aliyoiandika mhakiki huyo. Ramani imeondoka, mfuatano wa matukio umelegea, na wanafalsafa wa Ulaya wanakutwa humo wakiwa wahusika miongoni mwa wahusika.

Kwa hiyo amerudi kwenye nchi isiyo na anwani, kama Shaaban, lakini bila funzo lililotayarishwa. Msomaji anayesoma Nagona akitafuta kila kitu kinasimama badala ya nini ataumia bure. Ninachowashauri wenzangu ni kuisoma kwa sauti, sura moja kwa kikao kimoja, na kufuata vinavyorudi: mwanga, ukimya, ngoma. Mzingile, iliyotoka mwaka 1991, ni rahisi kidogo kwa sikio la mtu aliyekulia kwenye hadithi za bibi, maana inaanza na kuzaliwa kwa ajabu kwa Kakulu, kuzaliwa kwa aina ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Kongo mashariki. Simulizi ya mdomo imechukua nafasi iliyoachwa na ramani.

Baada ya hapo hakutoa riwaya nyingine hadi alipofariki Januari 2020, ingawa aliendelea kufundisha, miaka mingi akiwa Chuo Kikuu cha Botswana. Mwaka 2008 alitoa diwani ya Dhifa. Naamini alikuwa amefika pale ambapo riwaya haikuwa na cha kuondolewa tena ikabaki riwaya, na shairi lilimruhusu kuendelea.