Pini Kifuani pa Mkulima

Kuchonga chapa ni kazi yenye taabu ya namna yake, kwani fundi huondoa kile asichotaka kipokee wino, na alichokiacha bila kukigusa ndicho kitakachodhihiri karatasini. Tena hana budi kuiwaza sura kinyume, kulia iwe kushoto, akijua kwamba patasi ikishateleza hapana dawa. Ufundi huo ndio alioushika Elizabeth Catlett, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa Washington mwaka 1915, akahamia Mexico mwaka 1946, akaolewa huko na mchoraji Francisco Mora, na huko akaishi hadi kufa kwake mwaka 2012.

Mexico alijiunga na Taller de Gráfica Popular, karakana iliyoasisiwa mwaka 1937, ambamo fundi aliiweka kazi yake mbele ya wenziwe wakaijadili na kuikosoa kwa insafu, na chapa zikauzwa kwa bei hafifu ili zifike mikononi mwa vibarua na wakulima. Mwaka 1962 alitwaa uraia wa Mexico, na serikali ya Marekani ikamfungia mlango kwa sababu ya siasa zake, hata ilipofika mwaka 1971 ndipo akaruhusiwa kuhudhuria maonyesho ya kazi zake mwenyewe huko Harlem.

Lakini inayonirudisha kwake daima ni chapa moja ya mwaka 1952, *Sharecropper*, sura ya mwanamke mweusi alimaye ardhi ya mwingine na kulipa kodi kwa sehemu ya mavuno. Ameichonga katika linoliamu, ambayo ni laini, wala haina nyuzi za ubao za kuushurutisha mkono. Na kwa patasi nyembamba amepiga mikato mingi mno, mingine ikizunguka ukingo mpana wa kofia ya ukindu, mingine ikishuka shingoni kufuata mishipa, hata mtu huona jua na miaka katika ngozi ile. Sisi watazamaji tumewekwa chini yake, naye anaangalia mbali kutupita. Koti lake limefungwa kwa pini. Angeweza Catlett kumchongea kifungo, na hapana ambaye angeuliza. Akachonga pini, kwa uangalifu ule ule aliouchongea macho, nami nakiri kwamba nimeitazama pini hiyo zaidi ya macho yenyewe.